Mama yangu alisafiri kutoka Buhinyuza kuja kunikomboa, nami niko katikati ya mtihani wa online

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Najua humu chai imekuwa nyingi mpaka mtu akisema kweli anaulizwa sukari iko wapi. Hii si chai. Yamenikuta mimi mwenyewe hapa Burundi, na leo nayaandika nikiwa nimeshapumua, maana kwa wiki kadhaa sikuwa napumua vizuri.

Uzi huu ni wa wale wanaojiandaa na mitihani ya vyeti vya IT, ile unayoifanyia nyumbani kwako huku kuna mtu anakutazama kwa kamera. Kama umekuja kutafuta maswali, pita hivi. Nilikubali masharti ya kutotoa maswali, na sirudi kwenye mateso yale kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Kwanza mnijue kidogo, ili mkinicheka mjue mnamcheka nani.

Mimi ni binti wa Kirundi niliyekulia kambini Kigoma. Ndiyo maana Kiswahili changu kinanuka Tanzania, msishangae. Tuliporudi, wazazi walifikia Buhinyuza, kule Muyinga karibu na mpaka, wakashika jembe. Baba alishafariki. Mama yupo, analima mihogo na maharage, na ni mwanamke ambaye akishika jambo haliachii.

Mimi niko Gitega. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayotunza server za wateja. Tuko wachache, na kwenye chumba cha mafundi mwanamke ni mimi tu.

Sasa, mteja mmoja mkubwa wa nje akaja na sharti: kila anayegusa server zake awe na cheti cha usimamizi wa Linux, mfumo unaoziendesha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Bosi akaniita, akasema atanilipia mtihani mara moja. Nikifaulu, ananipa mkataba wa kudumu. Nikifeli, hana cha kunishikilia. Alilisema bila ubaya, na mimi nikalipokea bila kulia, nikaenda kulilia mbele.

Kufeli maana yake ilikuwa kurudi Buhinyuza. Silidharau jembe wakuu, ndilo lililonisomesha. Ila hii kazi naipenda. Server ikianguka halafu ukaiinua, ile raha siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuionja.

Basi nikasoma. Linux yenyewe haikunitisha, ndiyo mkate wangu wa kila siku. Kilichonitisha ni yale mazingira ya mtihani, na hapo ndipo nataka wadogo zangu mnisikilize.

Watu wengi wanadhani mtihani wa vitendo unaufanyia kwenye laptop yako, kwa terminal yako uliyoizoea, lile dirisha la kuandikia amri. Hapana. Unapewa browser yao maalum, inafunga kila kitu kingine kwenye mashine yako, halafu ndani ya hiyo browser unafunguliwa kompyuta nyingine iliyoko mbali huko, sijui nchi gani. Hiyo ndiyo unayofanyia kazi. Wewe unabonyeza Burundi, herufi inatokea Ulaya, kisha inarudi kuonekana kwako.

Kwa mtandao wetu, hiyo safari ya herufi unaiona kwa macho. Unabonyeza, unasubiri, inatokea. Ukiwa na haraka utaandika mara mbili na kuharibu. Kwa hiyo jifunze kuandika taratibu na kuamini kwamba herufi iko njiani.

Copy na paste nazo si zile ulizozizoea. Kwenye terminal yao unaongeza Shift. Dakika za mwanzo vidole vinasahau kila mara.

Na kila swali linakwambia uingie kwenye server fulani kwa ssh, ile amri ya kuingilia kompyuta ya mbali, ufanye kazi, kisha utoke kabla ya swali linalofuata. Usipotoka, utafanya kazi nzuri kwenye server isiyo yake na utapata sifuri yenye heshima zote.

Ila kubwa kuliko yote kwetu Burundi ni kibodi.

Sisi laptop zetu ni za mpangilio wa Kifaransa. Nilipofungua ile simulator ya mazoezi kule Gitega mara ya kwanza, nikaandika amri rahisi ya kuorodhesha mafaili yote, ikatokea takataka. Nikabonyeza a ikaja q. Nikabonyeza alama ya mkwaju, ikaja ile ya "kubwa kuliko". Nikadhani nina virusi. Kumbe kompyuta yao ya mbali inafuata kibodi ya Kiingereza, na haijali vitufe vyako vimechapwa nini.

Mnajua kilichoniokoa? Kambini tulifundishwa kompyuta kwa mashine za msaada zenye kibodi ya Kiingereza. Nikaenda stoo ya ofisi nikachimba mpaka nikapata kibodi kuukuu ya namna hiyo, nikaifuta vumbi, na baada ya siku kadhaa vidole vikakumbuka utoto. Maisha ya ukimbizi yalinipa vichache, hicho ni kimojawapo.

Haya, kibodi imepona. Sasa chumba.

Kanuni zinataka chumba chenye mlango uliofungwa, uko peke yako, hakuna sauti ya mtu, ukutani hakuna maandishi, mezani hakuna kitu. Ofisini kwetu kuta ni vioo, wenye mtihani wakakataa. Nyumbani kwangu Gitega nimepanga chumba ambacho kuta zake hazifiki juu. Jirani akipiga chafya, mimi namjibu afya. Upande wa pili kuna kwaya, na hiyo kwaya mwezi ule ilikuwa inajiandaa na sherehe, ngoma asubuhi ngoma jioni.

Nikakumbuka Mama Zaituni.

Mama Zaituni ni fundi cherehani wa Muyinga mjini, Mwislamu, mjane kama mama yangu. Baba enzi za uhai wake alipokuwa akileta maharage sokoni alikuwa anaweka magunia kwake, na urafiki ukabaki hata magunia yalipoisha. Nyuma ya nyumba yake ana chumba cha kuhifadhia vitambaa, kuta mpaka darini, mlango wa chuma. Na mnara wa simu uko karibu, unauona ukiwa uani. Nikampigia, akasema nije tu, chumba ni changu.

Nikapanda gari la Muyinga na kibodi yangu kwenye begi kama mtu anayesafirisha mtoto mchanga.

Siku moja kabla ya mtihani tukasafisha kile chumba. Vitambaa tukavihamisha. Ukutani palikuwa na fremu yenye aya ya Kurani, na mimi nikawa naona haya kusema kwamba kanuni hazitaki maandishi yoyote. Nikaanza kuzunguka maneno. Mama Zaituni akanikatisha kwa Kiswahili chake cha Burundi, ambacho "sha" ni kama "mwenzangu":

"We usiogope, sha. Mi mwenyewe nitaitoa. Mungu iko anaona hata kama ukuta iko tupu."

Akaenda kutawadha, akaishusha kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kitenge kipya, akaiweka kitandani kwake. Nilimheshimu zaidi siku ile.

Tukakubaliana. Kesho cherehani itapumzika. Wateja atawapokea barabarani. Yeye atakaa kiti uani, na asiruhusu hata kuku kusogea kwenye ule mlango. Mimi nitajifungia kwa komeo la ndani.

Kisha nikafanya jambo ambalo nililiona dogo. Nikampigia mama.

Simu yenyewe ilikuwa inakatakata. Nikamwambia nilivyoweza: mama, niko Muyinga mjini, kesho usinitafute, simu itakuwa imezimwa. Nitafungiwa chumbani peke yangu. Siruhusiwi kutoka, siruhusiwi kuongea na mtu, kuna mzungu atakuwa ananitazama kwa kamera muda wote. Niombee nimalize salama, nipate ile kazi.

Mama akauliza, pasipoti yako iko wapi?

Nikamwambia nimeshawatumia picha yake, na kesho wataitaka tena, ndiyo kitu cha kwanza wanachoangalia.

Simu ikakatika. Sikujiuliza kwa nini mwanamke wa Buhinyuza anaulizia pasipoti. Nikala ugali wangu, nikalala.

Wakuu, someni tena hayo maneno niliyomwambia, halafu mjifanye ninyi ni mama mjane wa kijijini ambaye anasikia kila siku habari za mabinti waliodanganywa kazi nzuri, wakanyang'anywa pasipoti, wakafungiwa ndani. Mimi nilikuja kuyasoma hivyo baadaye, nikiwa nimeshachelewa.

Siku ikafika.

Kuingia kwenyewe ni kazi. Unaonyesha pasipoti kwenye kamera. Unaonyesha masikio, kwamba hujaweka kitu. Unakunja mikono ya nguo. Unazungusha kamera ukutani, darini, chini ya meza, nyuma ya mlango. Msimamizi simwoni, nayaona maandishi yake tu kwenye kisanduku cha chat, Kiingereza kikavu.

Kona moja palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa. Akauliza ni nini. Nikaandika kwamba ni cherehani mbovu ya mwenye nyumba. Akaniambia nifunue. Nikafunua. Akaniambia nigeuze kamera chini yake. Nikageuza. Sijui alidhani kuna profesa amejikunja mle.

Akaridhika. Mtihani ukaanza.

Maswali ya mwanzo yakaenda vizuri. Kibodi ya stoo ikanitii. Nikaanza kujisikia, unajua ile hali mtu anajiona bingwa, na ndipo kisanduku cha chat kikawaka: tafadhali usisome maswali kwa sauti, midomo yako inatembea.

Sikuwa nimejua. Sisi tuliosoma kambini, wanafunzi wengi kwa kitabu kimoja, tulizoea mmoja kusoma wengine wakifuatisha kwa midomo. Nikiona maandishi magumu midomo inaenda yenyewe. Akaniandikia kwamba hilo ni onyo, na ikirudiwa anaweza kuusitisha mtihani.

Nikaifunga midomo kwa meno. Nikaendelea hivyo, mtu angeniona angesema jino linaniuma.

Nilikuwa nimevuka nusu. Nilikuwa kwenye swali la diski, lile ukikosea unafuta kila kitu, na herufi zinachelewa njiani. Ndipo nikasikia mlangoni sauti ya mwanamke:

"Hodi."

Na mimi, wakuu, nikajibu:

"Karibu, mama."

Halikupita kichwani hilo jibu. Nimepigiwa hodi tangu nijue kusikia, na sijawahi hata siku moja kunyamazia hodi ya mama yangu. Mdomo ulijibu, mimi nikausikia kama ninyi ambavyo mngeusikia.

Kisha nikakumbuka kamera.

Huko uani, kumbe, ilikuwa hivi. Mama alikuwa hajalala. Alfajiri akapanda baiskeli ya kulipia mpaka barabara kuu, na kwa shida hii ya mafuta ya magari nchini kwetu akasubiri gari mpaka miguu ikavimba. Muyinga mjini hamjui mtu isipokuwa Mama Zaituni, na namba yake hana, wao hukutana sokoni. Akaenda kwake kuomba msaada wa kunitafuta. Akakuta cherehani kimya, kiti uani kitupu, kwa sababu Mama Zaituni alikuwa ameingia ndani kuswali adhuhuri. Mimi Mkristo wa watu nilipopanga saa ya mtihani sikuikumbuka swala hata kidogo, naye aliona dakika chache hazina neno.

Mama akaangaza macho uani. Akaona mlango wa chuma umefungwa mchana kweupe. Na mbele ya mlango akaona viatu vyangu.

Kwa hiyo alipopiga hodi na kusikia sauti yangu ikisema karibu, alishika mlango afungue. Haukufunguka. Akasukuma. Mimi ndani kimya.

Kuitwa karibu halafu mlango usifunguke, kwa mtu aliyekuja na wasiwasi ule, ni ushahidi tosha. Akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango, akashusha sauti:

"Janine, mwanangu. Kama wamekufungia na wanakukataza kuongea, kohoa."

Wakuu, mnajua mtu akikwambia usikohoe koo linavyowasha. Mimi niliambiwa nikohoe, na nikawa nalizuia koo langu kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

Chat ikawaka. Unaongea na nani?

Kabla sijaandika, ikawaka tena. Nimesikia umezungumza, na kuna mtu anazungumza na wewe. Mtihani nimeusimamisha. Mikono yako iwe mahali ninapoiona.

Skrini ikawa ya kijivu. Diski yangu, amri yangu iliyokuwa njiani, vyote vikapotea machoni.

Nikainua mikono. Machozi yalikuwa yanatoka bila ruhusa yangu. Niliiona Buhinyuza yote mbele yangu, siyo kwa ubaya, ila niliona najirudisha mwenyewe kwa neno moja la adabu. Na nyuma ya mlango mama alikuwa ameanza kuupiga kwa bega. Ule mlango wa chuma ukawa unalia, na kila ukilia najua huyu wa kwenye kamera anausikia.

Mama Zaituni naye alikuwa anasikia yote. Lakini alikuwa katikati ya swala, na aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona rakaa ndefu kama zile.

Akamaliza. Akatoka mbio. Nikasikia sauti yake, ya chini, ya mtu anayetuliza mnyama aliyekatika kamba.

"Mama Janine, we tulia. Hakuna mutu iko amefungwa hapa. Mutoto iko kwa examen."

Mama akauliza ni mtihani gani wa mlango wa chuma. Akauliza huyo mzungu yuko wapi, atoke aongee na yeye. Akasema mambo mengine ambayo sitayaandika humu kwa heshima yake.

Mama Zaituni hakubishana. Sikuona kwa macho, ila alinieleza. Alimshika mkono, akaupeleka pale kwenye pete za mlango, mahali panapokaa kufuli.

"Angalia. Kofuli iko wapi? Hakuna. Donc, basi, ni yeye mwenyewe amejifungia ndani. Na we ukipiga kelele, wanamukatia, kazi inapotea."

Mlango ukaacha kulia.

Mimi ndani nilikuwa nimeruhusiwa kushusha mkono mmoja kuandika. Nikafikiria niongope nini. Niseme ni redio? Ni jirani? Wakuu, akili ya uongo ilikuja na majibu matano mazuri. Kisha nikachoka. Nikaandika ukweli kwa Kiingereza changu cha shida:

Ni mama yangu. Ametoka kijijini. Amepiga hodi na kwetu mtu akipiga hodi anajibiwa, nimejibu bila kufikiri. Anadhani nimetekwa. Anadhani wewe ndiye umeniteka.

Nikatuma. Hakujibu.

Nikatazama ile skrini ya kijivu mpaka nikaanza kuona rangi ambazo hazipo. Nikasema basi, imekwisha, anajaza taarifa ya kunifuta.

Kisha yakaja maandishi: uko salama?

Nikaandika ndiyo.

Akaandika: tafadhali nionyeshe chumba chote tena, na mlango. Kisha inua kidole gumba kama uko huru kweli na hakuna anayekulazimisha.

Yaani na yeye akaingia wasiwasi. Nikazungusha kamera: ukuta, dari, cherehani ile ile, mlango na komeo lake likiwa ndani upande wangu. Nikakaa. Nikainua kidole gumba, nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinatoka, binti wa watu.

Akaandika kwamba muda ulikuwa umesimama, sijapoteza kitu. Kwamba ameandika tukio hili kwenye ripoti na wakubwa wake ndio wataamua kama matokeo yanahesabika. Kwamba nisiongee tena. Na mwisho akaongeza, natumaini mama yako yuko sawa.

Ile sentensi ya mwisho sikuitegemea. Mpaka leo sijui ni mwanamume au mwanamke, wa nchi gani.

Skrini ikarudi. Amri yangu ya diski ilikuwa pale pale, imekamilika, haijaharibu kitu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, midomo imefungwa.

Sehemu iliyobaki niliifanya kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Woga ulikuwa umetumika wote, haukubaki wa kuogopea maswali. Uani hapakuwa na hata mnong'ono.

Nilipomaliza nikavuta komeo.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta, viatu vyangu amevipakata. Mama Zaituni amekaa kando yake kwenye mkeka, chai imepoa hawajaigusa. Mama akainuka, akanishika uso, akanigeuza mikono akaangalia vifundo vyake kama kuna alama. Hakukuta. Ndipo akakaa tena chini, akalia yeye sasa.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa naiimba tu hiyo methali shuleni.

Nikamweleza upya, safari hii taratibu, kwa lugha ya mtu na mama yake. Nani ananitazama, kwa nini, kwa faida gani, na kwamba akinitazama vizuri ndiyo cheti kinaaminika. Akasikiliza yote. Akauliza kama kwa kelele zake ameniharibia kazi.

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Akasema haondoki mpaka jibu lije. Mama Zaituni akasema hata kama lingechukua mwezi, mahali pa kulala papo. Usiku ule tulilala watatu chumba kimoja na hakuna aliyelala.

Kesho yake jioni barua pepe ikaingia. Nilikuwa naosha vyombo. Nikafuta mikono kwenye sketi, nikafungua, nikasoma mstari wa kwanza, nikarudi kuusoma tena. Nimefaulu. Na chini yake hakuna neno lolote kuhusu tukio, matokeo yamekubaliwa.

Sikupiga kelele. Nilikaa pale pale kwenye maji. Ule mzigo uliokuwa kifuani tangu bosi aniite ulitoka, nikausikia ukitoka.

Mama akanikuta hivyo, akadhani ni mabaya. Nikamwambia nimefaulu, bosi atanipa mkataba, nabaki Gitega.

Akanitazama. Akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayejiandaa kusafiri, akasema:

"Nilikuja kukutoa nikurudishe nyumbani. Sasa sikutoi. Kaa huko huko, ufanye kazi."

Kesho yake asubuhi tukamsindikiza stendi mimi na Mama Zaituni. Akapanda gari la Buhinyuza bila kugeuka nyuma, ndivyo alivyo.

Mkataba nimeusaini. Naandika haya nikiwa ofisini Gitega, bosi akipita najifanya naangalia log, kumbukumbu za server.

Funzo langu, kwa mnaokwenda kufanya mitihani hii. Fanyeni mazoezi kwenye mazingira yao ya mbali kabla ya siku, msiamini laptop zenu. Kagueni kibodi, hasa sisi wa nchi za Kifaransa. Jifunzeni kufunga midomo. Lakini mimi yote hayo niliyajua, na bado ilibaki kidogo tu yanishinde kwa sababu nilisoma kurasa zote za kanuni za chumba, na watu walio nje ya chumba nikawapa nusu dakika ya simu mbovu. Mtu anayekupenda mweleze mpaka aelewe, siyo mpaka simu ikatike.

Na likikutokea la kukutokea, mwambie msimamizi ukweli. Ile kazi wanaifanya watu, na watu wana mama zao.

Karibuni mchangie wakuu. Waliofanya mitihani ya namna hii nyumbani kwenye kelele, mlijificha wapi? Wenye maswali ya kibodi na ssh ulizeni hapa hapa, nitajibu ninayoyajua, ila maswali ya mtihani siyatoi hata mkinitumia mbuzi.

Halafu kama wewe msimamizi uko humu, maana dunia ni ndogo na Kiswahili kimefika mbali, mama yangu wa Buhinyuza anakusalimia sana. Ameniambia nikwambie kwamba alikutukana kwa kutokujua, na ukipita Muyinga kuna mihogo yako.